Siku Kumi na Nne za Jirani

Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, katika kifungu cha 58, inamtaka anayeomba idhini ya kuendeleza kiwanja autangazie umma na kuwaalika wenye pingamizi wazilete. Kifungu cha 61 kinampa asiyeridhika na uamuzi siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti. Ukivisoma vifungu hivi kwa haraka utadhani jirani amelindwa. Mimi sioni hivyo. Siku hizo 14 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, si tangu jirani alipopata habari. Asiyejua kwamba ombi lilipelekwa atajuaje kwamba limekubaliwa? Siku atakayoamshwa na tingatinga alfajiri, muda wa rufaa utakuwa umekwisha zamani.

Kwa hiyo mzigo wote unaliangukia tangazo la kwanza. Niliwahi kusimama mbele ya moja Kileleshwa, Nairobi: karatasi ndani ya plastiki, imefungwa langoni kwa waya, nusu yake imefunikwa na majani ya ua. Kiingereza kitupu. Lilianza na nambari ya usajili, ilhali mtaani hakuna anayekijua kiwanja cha mwenzake kwa nambari. Kile wanakijua kwa mparachichi uliopita kimo cha ukuta. Mwenyewe aliomba kubadilisha matumizi, kutoka nyumba ya familia moja hadi za familia nyingi. Ghorofa ngapi? Majitaka ya kaya zote hizo yatapita bomba lipi? Kivuli kitaangukia ua wa nani? Halikusema. Na Katiba, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Sioni udhuru wowote.

Pwani tumekwisha kupata funzo, ingawa kwa mradi mkubwa zaidi. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, wa megawati 1,050. Mikutano ilikuwa imefanywa, ila watu walielezwa mradi tu. Ripoti ya athari zake hawakupewa nafasi ya kutosha kuijadili. Kumjulisha mtu ni kumpa kitu anachoweza kukichambua na kukijibu.

Wenye mitaji hulalamika kwamba majirani watageuza pingamizi kuwa mlango wa kudai hongo, na kwamba kila siku ya kungoja ina riba ya benki. Hofu hiyo ina msingi. Lakini pingamizi si kura ya turufu; serikali ya kaunti ndiyo inayoamua, na inaweza kulitupa lisilo na hoja. Zaidi ya hayo, amri ya mahakama inayosimamisha jengo likiwa ghorofa ya tano humgharimu mjenzi kuliko wiki mbili za mwanzo.

Marekebisho ninayoyataka ni madogo. Mwombaji apeleke barua ya Kiswahili, yenye mchoro na idadi ya ghorofa, kwa kila mlango unaopakana na kiwanja, kwa mwenye hati na kwa mpangaji vilevile, kwani mpangaji ndiye anayelala kando ya ukuta huo. Kila mpokeaji atie sahihi na tarehe, orodha iambatanishwe na ombi, na uamuzi nao upelekwe milango ileile. Siku 14 za rufaa zianze hapo.