Jielezo, Wala si Tamko Binafsi

Kijitabu cha mwongozo kwa vijana wanaoomba kusoma sheria ng'ambo kimenifikia hivi karibuni, na ndani yake nimekuta agizo kwamba kila mwombaji aandae "tamko binafsi". Nilidhani istilahi hiyo ilikwisha kuzikwa. Kumbe wapo walioifukua, wakaipangusa vumbi na kuipitisha vikaoni kwa kunyoosha mikono.

Kitu chenyewe wasomaji wanakijua: ni ile insha fupi, aghalabu ya kurasa mbili zenye mistari iliyoachana, ambayo vyuo vya sheria vya Marekani humdai mwombaji pamoja na alama zake za shahada ya kwanza, matokeo ya mtihani wa LSAT na barua za walimu wake. Uingereza nayo ina yake, isiyozidi herufi 4,000 na nafasi zikihesabiwa, ambayo kwa wanaoingia vyuoni kuanzia 2026 imekatwa katika maswali matatu. Sitamaliza wino hapo. Ugomvi wangu ni wa jina.

Tamko ni neno la jukwaani. Umoja wa Mataifa ulitoa Tamko la Haki za Binadamu mwaka 1948. Wizara hutoa matamko, maaskofu hutoa, vyama vya siasa hutoa hata pasipo jambo la kutolea. Anayetamka ana mamlaka, au walau anajidai anayo. Mwombaji hana, ndiyo maana anaomba. Lakini mwambie kijana wa miaka ishirini na miwili atoe tamko, naye atatafuta mada inayolingana na ukubwa wa neno: utawala wa sheria, haki kwa wanyonge, mustakabali wa Afrika. Ataanza na dunia na kumaliza na dunia, na msomaji wa kamati ya udahili atafika mwisho hajui aliyeandika ni mtoto wa nani. Jina baya limekwisha kumchagulia mada mbaya kabla hajashika kalamu.

Hilo "binafsi" ndilo balaa zaidi. Asili yake ni Kiarabu, nafsi ikitanguliwa na bi-, yaani "kwa nafsi". Lingebaki hapo nisingekuwa na neno. Ila Kiswahili cha leo kimelihamisha: sekta binafsi, shule binafsi, mali binafsi, yote yakiwa kinyume cha umma. Na chama kinapotaka kumkana mwanachama wake, kinasema nini? Kwamba hayo ni maoni yake binafsi. Hivyo "tamko binafsi", kwa sikio lisilo na pamba, ni tamko ambalo mwenye nyumba yake hataki kulaumiwa nalo.

Wako waliojaribu kuokoa jahazi kwa "taarifa binafsi". Hawa sijui walikuwa wapi mwaka 2022, Bunge la Tanzania lilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tangu hapo istilahi hiyo ina mwenyewe: ni jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya simu, hali ya afya. Mwombaji mtiifu atajaza hayo na kurudisha karatasi. Kenya mambo ni mabaya zaidi, maana huko kuandikisha taarifa ni shughuli ya kituo cha polisi.

"Maelezo binafsi" je? Limekwisha kuchukuliwa pia. Matangazo ya ajira serikalini Tanzania hudai maelezo binafsi yanayojitosheleza, na kila msaka kazi anajua kinachotakiwa ni CV yenye anwani na majina ya wadhamini. "Wasifu" halisaidii, Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alikuwa akimweleza mtu mwingine, na alipojiandikia mwenyewe Maisha Yangu alitunga kitabu kizima, si kurasa mbili za kuombea nafasi chuoni.

Pendekezo langu, nililolipeleka kwa barua mahali panapohusika na ambalo hadi leo halijapewa hata heshima ya kukataliwa, ni jielezo.

Tuanze na mzizi. Elea ni kuwa wazi akilini: "jambo hili limenielea". Kutoka hapo tunapata elewa, yule ambaye jambo limemfikia, na eleza, yule aliyelifikisha. Elea vilevile ni kukaa juu ya maji bila kuzama, na wanapwani wakikitia chombo majini husemwa wamekieleza. Kamusi huyaorodhesha kama maneno mawili. Mimi nayaona ndugu: kilicho wazi ni kilichopanda juu kikaonekana. Wahenga waliposema ukiona vyaelea vimeundwa, hawakuwa na waombaji wa vyuo akilini, ila insha inayoelea nayo imechongwa, imepigwa msasa na kuzibwa nyufa.

Ongeza ji- ya kujirejea: jieleza. Badili irabu ya mwisho kama tufanyavyo kwa pendo, neno na tendo: jielezo. Anayeeleza ni nafsi, anayeelezwa ni nafsi ileile, na hakuna haja ya kukopa "binafsi" kwa mtu.

Bingwa mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa anapenda kutajwa, amepinga kwamba ji- hiyo itasikika kama ya ukubwa, ile ya jitu na jizi, na kwamba jielezo litakuwa "elezo kubwa lenye kuchosha". Hoja hii ni ya mtu aliyeacha kusikiliza lugha yake. Jivuna limetupa majivuno, jigamba majigambo, jitapa majitapo. Nani amewahi kudhani majivuno ni mavuno makubwa? Kinachonisikitisha ni kwamba nomino tulizozaa kwa ji- hii karibu zote ni za kiburi. Wahaya na Wahima wana kivugo, shujaa akisimama na kujisifu kwa matendo yake, na ni sanaa ya heshima. Lakini kivugo kikipelekwa kwenye kamati ya udahili hakirudi na barua nzuri. Ni wakati tuwe na neno moja la ji- lenye unyenyekevu.

Na neno hilo huelekeza mada. Anayetakiwa kujieleza hutafuta tukio lililomfanya awe alivyo: Mkongomani aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha akahamishiwa Marekani, akawa mkalimani wa mama yake mbele ya mwenye nyumba aliyetaka kuwafukuza, ana mada tayari, na haihitaji neno "haki" hata mara moja. Uzito wa mada umeongezeka tangu Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku vyuo kupendelea waombaji kwa rangi. Katika hukumu hiyohiyo Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba vyuo havikatazwi kuzingatia mwombaji anavyosimulia jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi simulizi hilo lifungamane na ujasiri au sifa nyingine ya mtu mwenyewe. Yaani mlango uliobaki wazi ni wa kujieleza. Matamko yamebaki nje.

Matumizi: ngeli ya LI-YA, jielezo lako, majielezo yao, jielezo la udahili, jielezo la ufadhili.

Wanaoshikilia "tamko binafsi" nawaomba jambo moja tu: wajitokeze kwa majina yao na kulinyambua neno lao hadharani, kama nilivyolinyambua langu.