Keta: Bahari Inapokula Mji, Lugha Inabeba Nini?

Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tumezoea kuusoma mji wa kale kwa kutazama majengo yake: ngome, nyumba za ibada na makaburi. Je, bahari ikiyachukua hayo, historia ya mji itasomwa wapi? Katika makala haya tunauangalia mji wa Keta, kusini-mashariki mwa Ghana, ambao umeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Keta ni mji wa Waewe wa kundi la Anlo. Umejengwa juu ya ukanda mwembamba wa mchanga. Upande mmoja ni Bahari ya Atlantiki na upande wa pili ni ziwa kubwa la maji ya chumvichumvi. Wakazi huvua pande zote mbili. Wakati wa kiangazi maji ya ziwa yanapopungua, watu huzoa chumvi, na katika mji jirani wa Anloga wakulima hustawisha vitunguu vidogo vyekundu katika matuta ya mchanga. Jina lenyewe linaeleza mahali: katika Kiewe, *ke* ni mchanga na *ta* ni kichwa.

Historia ya kuhama kwao nayo imehifadhiwa katika majina. Masimulizi ya Waanlo yanasema kwamba wahenga wao walitoka Notsie, katika Togo ya leo, wakimkimbia mfalme katili Agokoli. Mji ulizungukwa na ukuta mnene wa udongo. Wanawake waliumwagia maji mahali pamoja mpaka ukalainika, kisha watu wakatoka usiku wakitembea kinyumenyume ili nyayo ziwapotoshe wafuatiaji. Kiongozi wao Wenya alipofika pwani, mzee na amechoka, alisema kuwa amejikunja. Kutokana na kauli hiyo nchi ikaitwa Anlo, na makao yake makuu Anloga, yaani Anlo kubwa. Tangu mwaka 1962 safari hiyo huadhimishwa kila Novemba katika sikukuu ya Hogbetsotso, ambayo huambatana na kusafisha miji na kupatanisha waliogombana.

Wadenmark walijenga ngome ya Prinzenstein hapo Keta mwaka 1784, na watumwa walifungiwa humo wakisubiri meli. Mwaka 1850 Waingereza waliinunua. Wamisionari wa Kijerumani kutoka Bremen waliingia Keta mwaka 1853, na mwaka 1857 mwenzao Schlegel alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiewe. Maandishi ya wamisionari yaliegemea lahaja ya Kianlo, na hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa Kiewe sanifu. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka hapa Kiunguja na manung'uniko ya wasemaji wa Kimvita. Waewe wa bara nao hukuta shuleni Kiewe kisicho sawa na cha nyumbani kwao.

Wakati lahaja ya pwani ikienea vitabuni, pwani yenyewe ilikuwa ikimomonyoka. Mitaa na nyumba zilimezwa, na mwaka 1980 mawimbi yalibomoa sehemu ya ngome. Bwawa la Akosombo, lililokamilika mwaka 1965, lilizuia mchanga ambao Mto Volta ulikuwa ukiuleta pwani, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kuta za kuzuia bahari zilikamilishwa mwaka 2004 na kuuokoa mji kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, Novemba 2021 bahari ilifurika tena katika eneo hilo na maelfu ya watu wakapoteza makazi.

Kisichomezwa ni kile kinachosemwa na kuimbwa, lakini nacho kinahitaji mkusanyaji. Vinoko Akpalu wa Anyako, ng'ambo ya ziwa, alikuwa mtunzi mashuhuri wa mbolezi, nyimbo za kuomboleza. Kofi Awoonor, mshairi aliyezaliwa Wheta mwaka 1935, alizikusanya na kuzitafsiri tungo za Akpalu na za watunzi wengine wawili, Dunyo na Ekpe, akazichapisha mwaka 1974. Aidha, mashairi yake mwenyewe yalinyonya kutoka mbolezi hizo.

Awoonor alifia kwetu Afrika Mashariki. Alikuja Nairobi kwa tamasha la fasihi, akauawa katika shambulio la Westgate tarehe 21 Septemba 2013. Aliyehifadhi mbolezi za watu wake alikufa mbali na ziwa lao, lakini zile alizoziandika zimebaki na zinasomeka.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu, mnapokwenda likizo, mwulizeni bibi au babu maana ya jina la kijiji, na wimbo unaoimbwa matangani. Andikeni kwa lahaja ileile inayosemwa, bila kuisanifisha. Si lazima bahari ije ndipo mji upotee. Hata mzee mmoja akifariki, sehemu ya mji huondoka naye.