Mionzi na Hewa katika Hospitali za London

Aghalabu watu wasimuliapo tarikhi ya tiba ya mionzi huisifu mitambo, jinsi ilivyozidi nguvu mwaka hata mwaka. Na London haikukosa mitambo ya kusifiwa, kwani ndiko, katika hospitali ya Hammersmith, mwaka 1953, alikotibiwa mgonjwa wa kwanza kwa mtambo wa kuharakisha elektroni uliojengwa makusudi kwa matibabu, wenye nguvu ya volti milioni 8. Lakini katika hospitali hiyohiyo alikuwapo mwanafizikia, Louis Harold Gray, aliyeshughulika na jambo lisiloonekana, nalo ni hewa ya oksijeni. Na kwa rai yangu kazi yake yastahili sifa kuliko mtambo.

Mwanzo wa mambo ulikuwa wa madhara makubwa. Baada ya Wilhelm Röntgen kuvumbua eksirei mwaka 1895, watumishi wa London Hospital, mtaa wa Whitechapel, waliokuwa wakiijaribu mionzi kwa kuikingia mikono yao wenyewe, walipatwa na vidonda hata wakakatwa vidole, na mmoja wao, Ernest Wilson, akafariki mwaka 1911. Hata hivyo, matabibu walikwisha yakini kwamba mionzi yaua saratani. Lililowatatiza ni mbona baadhi ya uvimbe hurudi.

Mionzi haiunguzi uvimbe kama moto uunguzavyo kuni. Ipitapo mwilini hung'oa elektroni katika maji na dutu za seli, na chembe kali zizaliwazo hapo huushambulia uzi wa urithi ulio ndani ya kiini, nayo seli iliyokatika uzi huo haifi papo hapo, bali hufa baadaye inapojaribu kujigawa. Sasa, oksijeni ikiwapo, hulithibitisha jeraha lile lisipate kutengenezeka. Isipokuwapo, huhitajiwa mionzi takriban mara 3 ili kupata athari ileile. Hayo Gray na wenzake waliyaeleza mwaka 1953, na mwaka 1955 yeye na R. H. Thomlinson, wakichunguza kwa hadubini saratani za mapafu, wakaona kwamba seli zilizo karibu na mishipa ya damu zi hai, na zilizo mbali, kiasi cha sehemu ya 5 ya milimita, zimekwisha kufa. Na baina yao pana seli zenye kiu ya hewa, zisizokufa wala kustawi, na hizo ndizo ziwezazo kusalimika na mionzi.

Mwaka huohuo wa 1955, katika hospitali ya St Thomas', ili seli hizo zipate hewa, wagonjwa walitiwa ndani ya chombo cha oksijeni yenye shinikizo kubwa, wakapigwa mionzi humo: fikra njema, ila yenye mashaka kwa mgonjwa na tabibu, nayo haikuenea. Tena dawa iliyo nyepesi ilikuwa imekwisha patikana Paris tangu miaka ya 1920, kabla ya sababu yake kufahamika yote, nayo ni kuigawa mionzi siku baada ya siku. Seli zilizo karibu na mishipa zikifa, hewa huzifikia zile zenye kiu, ilhali nyama nzima hupata wasaa wa kujitengeneza. Kwa hiyo mgonjwa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiambiwa arudi kesho, na keshokutwa, kwa majuma kadhaa, asidhani mtambo ni dhaifu. Kila arudipo, zile zilizojificha jana huenda leo zimekwisha kupata hewa.