Dai la Marehemu: Historia ya Msemo Mmoja wa Sheria

Katika sheria ya Kiingereza palikuwa na msemo wa Kilatini, *actio personalis moritur cum persona*, maana yake, dai la nafsi hufa pamoja na mwenye nafsi. Kwa karne nyingi maneno hayo matano yalitosha kumnyima mtu haki. Aliyevunjwa mguu kwa uzembe wa mwenziwe aliweza kumshtaki akalipwa. Lakini akifa kabla ya hukumu, daawa yake ilikufa naye, na warithi hawakupata kitu. Kadhalika akifa mkosaji, aliyeumizwa hakuwa na wa kumdai.

Kwa kuwa msemo huo ni wa Kilatini, ni rahisi kudhani kwamba asili yake ni Rumi. Kweli, sheria ya Warumi iliyazuia baadhi ya madai yasiwafikie warithi, hasa yale ya kulipiza fedheha. Walakini daawa iliyokwisha kuthibitishwa mbele ya hakimu iliendelea hata mdai akifa. Kanuni pana ya msemo huu ni kazi ya wanasheria wa Uingereza. Hapo kale kumshtaki mtu kwa jeraha kulikaribia sana kutaka aadhibiwe, na adhabu ni jambo la mkosaji na mkosewa tu. Baadaye fidia ikawa malipo ya hasara. Sababu ilikwisha, maneno yakasalia.

Mali ilitangulia kuokolewa. Sheria ya mwaka 1330 iliwaruhusu wasii kudai vitu vilivyochukuliwa katika uhai wa marehemu. Basi ng'ombe aliyeporwa aliweza kudaiwa baada ya mwenyewe kufa. Mguu uliovunjwa haukuweza. Tena mwaka 1808, katika kesi ya Baker na Bolton, mume alidai fidia baada ya gari la farasi kupinduka na mkewe kufa kwa majeraha yapata mwezi mmoja baadaye. Lord Ellenborough aliamua kwamba kifo cha binadamu si hasara inayoweza kudaiwa katika mahakama ya madai. Mume alipe­wa kwa ajili ya kumkosa mkewe hadi siku aliyokufa, si zaidi. Natija yake ilikuwa ya ajabu: kuua kulimgharimu mkosaji kidogo kuliko kujeruhi.

Reli zilipoenea na ajali kuzidi, Bunge lilipitisha Sheria ya Ajali za Kifo ya mwaka 1846, ijulikanayo kwa jina la Lord Campbell. Sheria hiyo iliwapa mke, mume, wazazi na watoto dai lao wenyewe kwa kupotewa na riziki. Dai la marehemu mwenyewe, kwa maumivu na gharama zake, halikufufuliwa.

Lililolifufua ni motokaa. Kwa sheria ya mwaka 1930 wenye magari walilazimishwa kukata bima. Lakini dereva mkosaji akifa katika ajali ile ile, dai lilikufa, na bima haikuwa na deni la kulipa. Lord Sankey aliunda kamati ya kurekebisha sheria Januari 1934, na mwaka huo huo Bunge likaamua kwamba madai yaendelee kwa faida ya mirathi ya marehemu, au dhidi yake. Kashfa iliachwa nje, na hata leo huko Uingereza dai la kashfa hufa na mwenyewe.

Hapo likazuka swali zito: uhai uliokatizwa una thamani gani? Katika kesi ya Rose na Ford, mwaka 1937, Baraza la Malodi lilikubali kwamba mirathi inaweza kulipwa kwa kupunguzwa kwa umri. Mwaka 1941, kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, Baraza lilipunguza pauni 1,200 kuwa 200. Uingereza ilifuta fidia ya namna hiyo kwa sheria ya 1982; Kenya, iliyoirithi kanuni ya 1934 katika Sura ya 26 ya sheria zake, mahakama zimeendelea kuitoa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wazo hili halikuwa geni. Neno *dia*, lililotoka Kiarabu, ni malipo ya uhai wa mtu, nayo katika sheria ya Kiislamu hugawiwa warithi kama mirathi. Waingereza walihitaji karne nyingi kutenganisha mambo mawili: mtu hufa, lakini deni la aliyemdhuru halizikwi naye.