Ugaga, bakteria na ufizi unaotoka damu

Ugaga ni utando wa bakteria uliogeuka jiwe. Huganda shingoni mwa jino, wa manjano au kahawia, na mswaki hauung'oi. Busia na Tororo, ng'ambo zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, kama kwingineko, wengi hustuka siku jino linapoanza kucheza. Damu ilikuwa imetangulia kwa miaka.

Mara tu meno yanaposuguliwa, mate huyapaka protini. Juu yake hunata bakteria wa kwanza, hasa streptokoki, na wengine hunata juu ya hao. Utando usipoondolewa, kalisi na fosfati za kwenye mate huanza kuugandisha kwa siku chache tu. Madini yanayotokea ni ya jamii ya apataiti, jamii ileile iliyochimbwa kwa ajili ya mbolea katika vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo. Lakini mtu asiyalaumu maji ya kisima chake: madini ya ugaga hutoka hasa kwenye mate. Chukua kioo kidogo na tochi ya simu, utazame nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hapo ndipo mate ya chini ya ulimi yanapomwagika, na ndipo ugaga hujaa zaidi. Mahali pengine ni kwenye magego ya juu, upande wa shavu.

Je, jiwe hilo ndilo linaloumiza ufizi? Si lenyewe hasa. Kosa lake ni kwamba linakwaruza, lina vitundu, na daima limefunikwa na utando ulio hai, ambao jiwe huushikilia pembeni mwa ufizi mahali mswaki usipofika. Mwaka 1965, nchini Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 waache kusafisha meno. Fizi za wote zilivimba kati ya siku 10 na 21, na walipoanza tena kusafisha zikapona kwa takriban wiki moja. Bakteria walitosha kuanzisha uvimbe.

Hatari huja uvimbe ukidumu. Ufizi huachana na jino, na mfereji wa kawaida kati yao, wenye kina cha milimita 1 hadi 3, huwa mfuko wa milimita 4 au zaidi. Humo, penye hewa haba, hustawi Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Kinga ya mwili ikipambana nao bila kushinda, huyeyusha nyuzi na mfupa unaolishika jino. Mfupa huo haurudi wenyewe.

Hata hivyo si kila mwenye ugaga hupoteza meno. Mwaka 1988 watafiti Baelum, Fejerskov na Manji walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Utando na ugaga ulienea mno, ila uharibifu mkubwa uliwakusanyikia wachache. Kisukari, tumbaku na urithi huamua mengi. Mvutaji sigara ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa fizi zake hutoka damu kidogo na ishara hujificha.

Ugaga huondolewa kwa vyuma vya kukwangulia, kazi wanayofundishwa maafisa wa afya ya meno wa Uganda na maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wa Kenya, si madaktari wa meno pekee. Inasikitisha kwamba wengi huenda kwao kung'olewa jino tu. Wapo wanaoogopa kwamba kukwanguliwa hulegeza meno. Jino lililolegea lilikuwa limeshalegea. Jiwe lilikuwa limelibana na jirani yake. Na fizi zikitoka damu, usiache kusugua, bali usugue taratibu hadi kwenye ufizi. Anayetumia mswaki wa mti na auelekeze pia nyuma ya meno ya chini, maana huko ndiko unakofika kwa shida.