Uziwi wa uzeeni

Uziwi wa uzeeni ni kupungua kwa usikivu kunakomjia mtu polepole, kwa kawaida katika masikio yote mawili kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana uziwi wa kiwango cha kuwatatiza.

Chanzo kikuu kimo katika sikio la ndani. Humo mna koklea, mfereji uliojisokota kama kombe la konokono, wenye seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Seli hizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva, na ikifa moja haioti nyingine. Hutangulia kufa zile za mlangoni mwa koklea, zinazopokea sauti nyembamba: milio ya ndege, sauti za watoto, na konsonanti kama s, f na t. Irabu, zilizo nzito na zenye nguvu zaidi, hubaki. Kwa hiyo babu husikia kwamba anasemeshwa, ila hatofautishi "fika", "shika" na "pika", hasa sebuleni penye redio na wajukuu. Akipaziwa sauti hulalamika kwamba anafokewa, na ana haki: sikio lililopoteza seli hizo hukosa sauti ndogo, lakini kubwa hulikera upesi. Kumtazama usoni na kusema taratibu humfaa zaidi.

Umri peke yake hauelezi yote. Mwaka 1962, daktari Mmarekani Samuel Rosen na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wamabaan, walioishi mbali na mitambo katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Wazee wao walisikia vizuri kuliko wenzao wa rika moja huko Marekani. Utulivu wa mazingira ulitajwa kuwa sababu, ingawa wazee hao hawakuwa pia na shinikizo la damu la kupanda, jambo linalofanya hoja isiwe nyepesi hivyo. Hata hivyo madhara ya kelele hayana ubishi: desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, miaka nenda miaka rudi, huharibu masikio, na mashine nyingi za kusaga unga na za useremala huvuka hapo. Sindano za streptomisini, zilizotibu kifua kikuu kwa miongo mingi, nazo huua seli zilezile. Kisukari, sigara na urithi wa ukoo huchangia.

Kabla ya kuulaumu uzee, sikio lichunguzwe. Huenda limezibwa na nta tu, iliyosukumwa ndani kwa vijiti vya pamba, na usikivu ukarudi baada ya kusafishwa kituo cha afya. Au kiwambo kilitoboka tangu utotoni kwa ugonjwa wa kutoka usaha.

Seli zilizokufa hazina tiba. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti, pamoja na makelele ya sahani na viti vinavyoburutwa, na ubongo huhitaji majuma kadhaa kuvizoea tena. Wengine hukifungia kabatini kabla majuma hayo hayajatimia.