Kutoka Mti hadi Mstari: Michoro ya Nje na Chimbuko la Udhahania katika Kazi za Piet Mondrian, 1908–1915

Historia ya sanaa imezoea kuipanga miti ya Piet Mondrian kama ngazi: mti mwekundu chini, mti wa kijivu katikati, na mistari mitupu juu kabisa. Mpangilio huo hufundishika kwa urahisi, lakini unaficha jambo la msingi. Mchoraji huyo Mholanzi hakuyaacha maumbile mara moja. Aliyarudia, na safari moja alirudishwa kwayo na tukio ambalo hakulipanga.

Katika picha ya mti mwekundu (1908–1910) umbo la mti lingali kamili. Kilichoondoka kwenye uhalisia ni rangi, kwani matawi yanawaka wekundu dhidi ya anga la buluu. Katika mti wa kijivu (1911) mambo ni mengine. Rangi zimepunguzwa, nazo nafasi zilizo kati ya matawi zimepakwa kwa uzito uleule wa matawi yenyewe. Hewa imekuwa kitu. Badiliko hilo ni zito kuliko kutoweka kwa majani, ingawa ndilo linalotajwa kwa nadra. Mwaka huohuo, maonesho ya Moderne Kunstkring jijini Amsterdam yalileta kazi za Cézanne, Braque na Picasso, na muda mfupi baadaye Mondrian akahamia Paris.

Kama ngazi ingekuwa kweli, hadithi ingeishia Paris. Lakini katika kiangazi cha 1914 alirejea Uholanzi kumwona baba yake aliyekuwa mgonjwa, na Vita Kuu ya Kwanza ikamzuia huko hadi 1919. Huko Domburg, katika pwani ya Zeeland, alichora tena bahari na gati kwa mkaa: mawimbi yakawa alama fupi za mlalo, gati likawa alama za wima. Michoro hiyo ndiyo iliyozaa Kompozisheni 10 (1915), turubai ya sentimita 85 kwa 108 yenye alama nyeusi tu juu ya weupe. Hata hivyo, alama za wima zinasongamana chini katikati, pale gati linapoingia baharini. Mtazamaji asiyeambiwa habari za gati hataliona. Akishaambiwa, hawezi tena kutoliona.

Katika miaka ya 1920, alipokwisha kujulikana kwa miraba yake, Mondrian aliendelea kuchora maua na kuyauza. Wahakiki wengi huyaweka kando kama kazi za kujipatia riziki.